Mwalimu na Mwisho wa Nyamizi

Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa na ugonjwa mmoja: alicheka kabla ya wakati. Ukimwambia una jambo la kuchekesha, anaanza hapo hapo, hujasema neno. Ukifika katikati ameshika meza. Ukifika mwisho hasikii tena, machozi yanamtiririka, na wewe mwenye habari umebaki umesimama hujui uimalize au uiache. Nimemfahamu zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kummalizia kichekesho hata kimoja.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulizwe wenyewe. Sisi tulimkuta Mpanda tayari ni Mwalimu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na kipande cha chaki kimechomekwa kwenye kilemba. Chaki hiyo alikuwa anaitafuta kutwa nzima. Aliliuliza darasa chaki iko wapi, na darasa lote lilijibu halijui, kwa sababu tulitaka aendelee kutafuta. Siku alipogundua kwamba tulikuwa tunaiona muda wote, alicheka mpaka kengele ya mapumziko ikalia, kisha akatupeleka wote kumwagilia bustani ya shule. Naye alikuja, na ndoo yake.

Alikuwa na baiskeli ya kiume ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuona ameipanda. Aliisukuma kutoka nyumbani mpaka shuleni na kutoka shuleni mpaka nyumbani, daftari zetu zimefungwa nyuma kwa mpira. Ukimuuliza anasema, "Hii ni ya kubeba daftari. Mimi nina miguu yangu." Kwa sababu hiyo alichelewa kila siku, na kila siku aliwafokea waliochelewa, tena wale alioingia nao getini pamoja.

Kwenye daftari aliandika mambo ambayo wazazi walikuja kuulizia. Mwenzetu mmoja aliandikiwa "Umekosea vizuri" kwa wino mwekundu, na baba yake akaja shuleni kujua kama hiyo ni sifa au tusi. Mwalimu akamweleza kwamba mtoto alikuwa amekosa hesabu kumi zote kwa njia moja, bila kuyumba, na kwamba mtu mwenye msimamo wa namna hiyo hawezi kupotea. Yule mzee aliondoka anatabasamu. Siku hizi mwanawe ni diwani.

Mstarini asubuhi alikuwa mkali. Alitangaza kwamba atakayecheka Mwalimu Mkuu akiwa anasema atafagia uwanja mzima peke yake. Asubuhi hiyohiyo mbuzi akatoka ofisini na daftari la mahudhurio mdomoni, akapita taratibu nyuma ya Mwalimu Mkuu, akasimama, akatutazama. Tuliuma midomo. Watoto mia kadhaa tumesimama tumevimba mashavu, na aliyepasuka alikuwa ni Mwalimu wetu. Akaenda mwenyewe kuchukua fagio. Alifagia uwanja wote tukiwa darasani, na kila baada ya muda tulimsikia akicheka huko nje peke yake.

Walimu wenzake walimwambia kuna wakati wa kucheka na wakati wa kutocheka. Aliwajibu kwamba kicheko hakina sare. Alikuwa na msemo mwingine, sijui aliutoa wapi, sijausikia kwa mtu mwingine: "Huzuni ikija ipe kiti, usiipe kitanda."

Misibani ndiko kulikokuwa kazini kwake hasa. Kabila lake na letu ni watani, sitayataja maana nikiyataja upande wao watadai kuku. Msiba ukitokea kwetu, Mwalimu haji kulia tu, anakuja kufanya ya watani. Atalala njiani jeneza lisipite mpaka alipwe jogoo. Atasema marehemu alikuwa na madeni ya ugali kwa kila nyumba. Na atavaa nguo za marehemu na kumwigiza, na hapo hakuwa na mpinzani katika wilaya nzima. Alipofariki mzee mmoja wa Kawajense aliyekuwa mbishi wa bao, Mwalimu alivaa koti lake, akaketi mbele ya waombolezaji, akacheza bao peke yake pande zote mbili, akajishinda, halafu akakataa katakata kwamba ameshindwa. Mjane wa yule mzee alicheka mpaka akaomba ashikwe.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka kumi. Siku ya mazishi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na shangazi yangu, sijalia, sijala, sijasema kitu tangu jana yake. Mwalimu akatokea nyuma ya jiko amevaa kitenge cha mama na ungo mkononi. Mama alikuwa na namna yake ya kuita kuku, aliwasimanga kwanza: "Njooni, nyie wavivu, mmelala kwa nani leo?" Mwalimu akasema vilevile, kwa sauti ileile ya puani, mkono mmoja kiunoni. Kuku wakaja. Kundi zima lilitoka mbio kutoka kwa majirani, likapita katikati ya wanaume waliokuwa wanachonga msalaba, likamzunguka yeye. Mimi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, kicheko kilichotoka tumboni bila kuniomba ruhusa.

Shangazi akanifinya paja. "Mama yako hajafunikwa hata udongo," akasema, "na wewe meno nje." Watu wazima wote walikuwa wanacheka lakini mimi ndiye mtoto wa marehemu, na nilielewa kwamba nimefanya jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya. Niliacha kucheka kabisa. Shuleni nilirudi nimenyamaza, na hata yule mbuzi kama angetokea mstarini na Mwalimu Mkuu mdomoni nisingetikisika.

Sasa kitabu. Darasa la nne tulikuwa na kitabu cha hadithi ambacho kila aliyesoma shule yetu anakijua. Kilikuwa hakina jalada, tukakiita kitabu cha Nyamizi. Nyamizi ni msichana wa umri wetu ambaye mama yake anaugua, naye anatumwa kijiji cha mbali kufuata dawa. Anavuka mto, anapotea, anakutana na bibi mwenye jicho moja, anapata dawa, anarudi. Juu ya kilima anatazama chini kwao. "Nyamizi aliona watu wengi wamekusanyika uani. Akakaza mwendo." Hapo ndipo kitabu kilipokatika. Mchwa walikuwa wamekula kurasa za mwisho.

Shule ilikuwa na nakala sita, na mchwa walikuwa wamekula kurasa zilezile katika zote sita, wakaishia kwenye mstari uleule. Hatukuona ajabu. Tulijua mchwa wa shule yetu ni wasomi.

Kwa hiyo mwisho alitusimulia Mwalimu, ambaye alisema alikisoma kitabu kikiwa kizima. Mwaka wetu alifunga kitabu, akatazama dirishani, akasema wale watu uani walikuwa wamekuja kuzika. Mama yake Nyamizi alikuwa amefariki. Wenzangu kadhaa wakageuka kunitazama. Mwalimu akaendelea bila kugeuka. "Nyamizi akakaa kwenye mkeka. Mara mtani wa mama yake akatoka jikoni amevaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu. Nyamizi akacheka. Na kitabu kinasema hakuna aliyemkemea, kwa sababu hicho kicheko alikuwa amekirithi kwa mama yake."

Kitabu kinasema! Kwa mtoto wa darasa la nne, kilichochapishwa ndiyo kweli yenyewe. Shangazi alikuwa shangazi tu, lakini kitabu kilikuwa na muhuri wa shule. Nilitoka darasani nikiwa mwepesi, na mchana huo tukiruka kamba nilicheka mpaka nikajikojolea kidogo, nasema ukweli. Nimekaa na sentensi ile miaka yote hii. Nikiona nimecheka mahali ambapo wengine wameinamisha vichwa, huwa najiambia kuna kitabu kilishaniruhusu.

Sinema Mwalimu alizipenda kwa ugomvi. Mwaka mmoja parokia ilipata projekta, na Mwalimu akatupeleka ukumbini kuona filamu ya kigeni iliyotengenezwa kutokana na kitabu cha watoto. Kitabu chenyewe tulikuwa tumekisoma darasani kwa Kiswahili: mtoto na punda wake mzee, na punda anakufa. Filamu ilikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, Mwalimu akasimama pembeni ya shuka nyeupe na fimbo, akatutafsiria. Alichotafsiri ni mawazo yake mwenyewe. Mzungu mwenye kofia akifungua mdomo, Mwalimu anasema, "Anauliza kama mahindi yamepanda bei."

Punda alipokufa, yule mtoto akaonyeshwa yuko chumbani kwake, peke yake, analia dirishani, na kinanda kinapigwa. Mwalimu akashusha fimbo. "Majirani wako wapi?" akauliza. Tukatazama, tusiwaone. "Mtoto kafiwa. Kuni nani kaleta? Uji nani kapika? Hao wazazi wamemwacha na kinanda." Alikasirika kwa kweli. Paroko akamwomba apunguze sauti, naye akamuuliza paroko kama msiba ule ungetokea Mpanda angekuwa ameketi tu hapo. Paroko akakubali kwamba asingekaa.

Kisha ikafika picha ya mwisho, na punda huyo akaonekana juu ya kilima anakula majani, mzima, mnene kuliko mwanzo. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mwalimu peke yake alikuwa amesimama mikono kiunoni. "Kwenye kitabu amekufa," akasema. "Wamemfufua kwa idhini ya nani? Mtu hawezi kuchukua mwisho wa kitabu cha wenyewe akaubadilisha anavyotaka." Tulimuunga mkono sote. Barabara nzima ya kurudi tulikuwa tunalaani watengeneza filamu, waongo wakubwa hao.

Mimi leo hiyo ndiyo kazi yangu. Napiga video za harusi, ubarikio na mahafali, na siku zisizo na harusi nikaanza kutengeneza filamu ya kitabu cha Nyamizi. Mwenzangu katika hilo ni Zaituni, fundi cherehani wa Kawajense aliyesoma shule yetu madarasa matatu mbele yangu. Mavazi ni yake, binti yake Pili ndiye Nyamizi, na mama yake mzazi alikubali kuwa mama mgonjwa kwa sharti kwamba alazwe kwenye godoro zuri.

Mambo yalikwenda kwa vituko. Tulipokuwa tunapiga Nyamizi akivuka mbuga peke yake, mzee mmoja mfugaji akapitisha ng'ombe wake nyuma yake, wengi, taratibu, dakika kumi na mbili nzima. Nikamwomba asubiri. Akasema ng'ombe hawajui kusubiri, labda Nyamizi asubiri. Jioni alikuja kuomba ajione, akajitazama mara tatu, akasema hapo kati pasikatwe. Hatukupakata.

Siku ya kupiga picha ya uani, tulifunga turubai mbele ya nyumba ya Zaituni, tukatandika mikeka, tukawaketisha kina mama saba wamejifunga kanga, tukawasha moto na kuinjika sufuria kubwa lenye maji matupu. Tulitaka watu wengi wamekusanyika, kama kitabu kilivyosema. Kosa letu ni kwamba hatukuwaambia majirani.

Turubai na moto uani asubuhi kweupe, nani atauliza? Wa kwanza alikuwa mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akautua, akaketi mkekani, akaanza kulia vizuri kabisa. Nikadhani Zaituni ndiye aliyemwita. Zaituni akadhani ni mimi. Wakaja wengine na unga, maharage, mafuta. Wanaume wakaleta viti na kukaa upande wao. Kufikia saa tano palikuwa na watu wasiopungua sitini, sufuria lilikuwa linachemka maharage ya kweli, na mzee mmoja alikuwa ananiuliza kwa upole kaburi linachimbwa wapi, maana vijana wako tayari na majembe.

"Marehemu ni nani lakini?" akanong'ona.

"Mama yake Zaituni," nikamjibu, nikifikiri anaulizia filamu.

Akavua kofia. Habari ikapita mkeka hadi mkeka, vilio vikapanda, na hapo ndipo mama yake Zaituni, aliyekuwa amechoka kulala kwenye godoro zuri, akatoka nje kutafuta maji ya kunywa.

Sitaeleza mbio zile. Viti viwili vilivunjika na mwenyekiti wa mtaa alipatikana nyumba ya nne. Walipotulia na kuelezwa, walikasirika kama dakika tano, kisha mtu mmoja akaanza kucheka na mwishowe tukala maharage wote. Zaituni alikuwa amekaa chini anafuta machozi kwa tepu ya kupimia.

Ndipo ugomvi ukaanza. Wengi wa waombolezaji wale walisoma shule yetu. Waliposikia tunatengeneza kitabu cha Nyamizi wakafurahi sana, na walipouliza turubai ni la nini nikawaambia ni msiba wa mama yake, mwisho wa kitabu.

"Msiba gani?" akasema Zaituni. Nilimgeukia. Wiki tatu tunatengeneza filamu moja, hatujawahi kuulizana. "Mimi nilijua wamekusanyika kushangilia. Mama yake amepona, yuko uani anapepeta mpunga, anamwambia Nyamizi, mbona umechelewa?"

"Nyie wote hamkusoma," akasema dereva mmoja wa bodaboda, mtu wa miaka arobaini hivi. "Wale watu walikuwa wanamlilia Nyamizi mwenyewe. Walidhani amepotea porini. Akaingia akawakuta kwenye msiba wake, akala wali wake."

Mama aliyeleta kuni akasema hapana, mama yake Nyamizi alikuwa amehamia Kapalamsenga kwa dada yake, na wale uani walikuwa wapangaji. Watu wakapandishiana sauti. Kila mmoja aliapa kwamba kitabu kinasema, kila mmoja alimsikia Mwalimu kwa masikio yake. Zaituni na yule wa bodaboda walikaribia kushikana.

Mimi nikakumbuka kwamba mwaka Zaituni alipokuwa darasa la nne mama yake alikuwa amelazwa muda mrefu akarudi mzima. Nikamuuliza yule dereva kama darasani kwao kuna mtoto aliyewahi kupotea. Akacheka. "Mimi," akasema. "Siku mbili, huko kwenye misitu ya Katavi. Nilirudi nikakuta nyumbani wanalia."

Nilielewa hapo, na sikufurahi. Niliogopa. Kama kila mwaka ulikuwa na mwisho wake, basi wangu ulitungwa kwa ajili yangu, na kitabu hakikusema kitu. Miaka yote nilikuwa nimeegemea sentensi ambayo haikuchapishwa popote. Nilitaka kujua kitabu halisi kilisema nini kuhusu mtoto aliyefiwa na mama. Kama kilikuwa upande wa shangazi, nilitaka nijue, kabla sijamwambia Pili acheke au alie mbele ya kamera.

Mwalimu siku hizi anaishi Usevya kwa mdogo wake, mkulima wa mpunga. Nilipanda gari la asubuhi na kamera yangu begani. Nilimkuta sebuleni anachambua mchele, amekonda zaidi, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mtani. Umenenepa. Mnakula nini huko Mpanda, au mnakula misiba ya uongo?"

Habari ilikuwa imenitangulia. Alikuwa ameanza kucheka kabla sijaketi, na ilibidi nimsimulie yote, godoro, kofia, mwenyekiti nyumba ya nne, na kama kawaida sikufika mwisho. Mchele ulimwagika. Tukawa tunaokota punje sakafuni pamoja, yeye bado anatetemeka mabega, nami nikaona ndio wakati.

"Mwalimu, kile kitabu kilikuwa kinaishaje?"

"Mchwa walikula."

"Katika nakala sita?"

Akanitazama juu ya miwani. Halafu akaangua kicheko kingine, cha mwizi aliyekamatwa na aliyechoka kujificha. "Nilizichana mimi," akasema. "Zote sita, kwa wembe. Halafu nikaogopa, maana ni mali ya serikali. Nikaenda nyuma ya choo, nikabomoa kipande cha kichuguu, nikakiweka kabatini ili Mwalimu Mkuu aone mchwa. Sasa wale mchwa si walikuwa hai? Wakala ramani ya Afrika. Wakala ratiba. Wakala cheti cha Mwalimu Mkuu cha ufugaji bora wa kuku. Na vile vitabu sita hawakuvigusa hata kimoja!"

Tulicheka mpaka mdogo wake akachungulia kutoka jikoni kuuliza kama kuna usalama. Nilipopata pumzi nikauliza tena, kilikuwa kinaishaje.

"Mama anakufa," akasema. "Na sentensi ya mwisho kabisa inasema: Tangu siku hiyo Nyamizi hakucheka tena."

Kwa hiyo kilikuwa upande wa shangazi. Nilihisi paja likiniwasha mahali pale pale, mtu mzima mimi.

Mwalimu alikuwa ameacha kuokota punje. "Nilihamia Mpanda miezi mitatu baada ya kumzika mwanangu," akasema. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa na mtoto. Hakuna mtu Mpanda aliyejua. "Alikuwa na miaka minane. Nikapewa darasa la nne, na hicho kitabu. Nikawa nawasomea watoto bila kutangulia kukipitia, uvivu wangu. Nikafika pale Nyamizi anapokaza mwendo, nikafunua ukurasa, macho yakakimbilia ule mstari wa mwisho. Macho yameshauona, mdomo bado. Nikajua nikiusoma kwa sauti mbele ya watoto, nitautii. Nikafunga kitabu. Nikawaambia mama yake kapona. Jioni nikanunua wembe."

Nilimpenda sana wakati ule, na nilikuwa na uchungu kwa ajili yake, na nilikuwa na furaha, maana nilikuwa nimekuja kutafuta ruhusa ya kitabu na kumbe aliyeniruhusu ni mtu aliyekuwa anajua anachosema. Filamu ikawa imeshapata mwisho. Nilimwambia Mwalimu kwamba Pili atacheka, na yeye akasema vizuri, ila asifundishwe kucheka, atafutiwe mtu wa kumchekesha.

"Mtoto wako," nikauliza, "watani walimfanyia nini?"

"Hawakufika. Ilikuwa masika, mto ulikuwa umekata barabara. Tulimzika watu tisa, kimya kimya, na mvua inanyesha." Akaokota punje moja ya mchele akaitupa kwenye ungo. "Si kitu. Ni zamani."

Nikaweka kamera chini ya kiti. Utani una pande mbili, na miaka yote wenye deni tulikuwa sisi.

"Basi, Mwalimu, tumefika," nikasema. "Tumechelewa, lakini tumefika. Alikuwa anatembeaje?"

Akavua miwani. Nikafikiri nimevuka mpaka. Kisha akasema, polepole, kwamba mwanawe alipenda kuvaa ndala za baba yake, zinaburuzika. Kwamba mkono mmoja ulikuwa mfukoni kila wakati, hata anapokimbia. Kwamba alikuwa anapiga mluzi na hajui kupiga mluzi, ni hewa tu inatoka. Kwamba akiitwa alijibu "naja" akiwa anaelekea upande mwingine.

Mlangoni kulikuwa na ndala za mdogo wake, kubwa. Nikazivaa. Nikatoka nje, nikaweka mkono mfukoni, nikaingia nikiziburuza sakafuni, napuliza hewa, na katikati ya sebule nikasema "naja" na kugeuka kurudi nilikotoka.

Nyuma yangu nikasikia ungo umeanguka, na sauti yake, kubwa kuliko mwili, analia na kucheka kwa pamoja mpaka sikuweza kutofautisha.

"Mkono wa kushoto," akasema alipoweza kusema. "Alikuwa anaweka wa kushoto. Rudi mlangoni, uanze tena."